KATIBU WA ZAMA HIZI: KIJANA ALIYESOMEA KOMPYUTA NA RIZIKI YAKE

(Mada iliyotolewa mbele ya waumini wa Lushoto baada ya Swala ya Alasiri)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (s.w.t.). Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu zetu katika imani, wazee wetu, mama zetu na dada zetu mlio upande wa pili wa pazia, na nyinyi vijana mliokaa nyuma karibu na mlango kana kwamba mada hii haiwahusu: tumeombwa tuzungumze juu ya wahitimu wetu waliosomea kompyuta, na njia ya riziki iliyo mbele yao. Wengi hulichukua swali hili kuwa ni la vijana peke yao: wafanye nini wapate kazi? Sisi tunaliona lina pande mbili, na upande ulio mzito zaidi unawaelekea wenye ndevu za mvi.

Tuanze na hali ilivyo. Hapa milimani, kuanzia Soni hadi Mtae, kutoka Mlalo hadi Bumbuli, ni nadra sasa kukuta kijiji kisichokuwa na kijana aliyekwenda Dodoma, Dar es Salaam, Morogoro au Mbeya akarudi na shahada au stashahada ya kompyuta. Mzee wake aliuza ng'ombe, au alikodisha bustani ya kabichi kwa misimu miwili, ili mtoto apate nauli na kompyuta mpakato. Kijana amerudi. Watu wanamwita "fundi wa kompyuta". Akitoka Alasiri anapewa simu iliyokatika kioo aitazame. Akitoka Isha anaombwa achape kadi za harusi. Mwaka unapita, wa pili unapita, na minong'ono inaanza: huyu alikwenda kusoma nini?

Basi tuseme kwanza alichokwenda kusoma. Alisoma kuandika. Mtengenezaji wa programu za kompyuta ni mtu anayeandika amri, mstari baada ya mstari, katika lugha ambayo mashine huifuata, na mashine ikishaandikiwa hutii bila kuuliza. Haina niya, haina huruma wala haya. Ikiandikiwa kwamba mjane aliyekopa shilingi 50,000 aongezewe deni kila siku anayochelewa, itamwongezea usiku, itamwongezea sikukuu, itamwongezea Ijumaa wakati khatibu yuko juu ya mimbari. Aliyeandika amri ile huenda wakati huo amelala. Lakini maandishi ni yake.

KATIBU KATIKA DINI YETU

Ndugu zetu, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, nayo ni ya 282 ya Suratul Baqara, haizungumzii swala wala saumu. Inazungumzia uandishi wa madeni. Ndani yake mna amri kwa mwandishi aandike kwa uadilifu na asikatae kuandika kama Allah alivyomfundisha. Mna amri ya kuweka mashahidi. Na mna jambo ambalo wengi wetu hulipita haraka tunapoisoma, nalo ni katazo la kumdhuru mwandishi na shahidi. Yaani Mola wetu alimwekea katibu wajibu, kisha akamwekea haki yake.

Kwa upande mwingine, katika Hadithi iliyopokewa na Imam Muslim kutoka kwa Jabir bin Abdillah, Mtume (s.a.w.) aliwalaani pamoja mla riba, mtoaji wake, mwandishi wake na mashahidi wake wawili, na akawaweka daraja moja katika dhambi hiyo. Tuzingatie: mwandishi hakula kitu katika riba ile. Alilipwa ujira wa kalamu tu. Hata hivyo ametajwa.

Wasambaa hatuhitaji kwenda mbali kumtafuta katibu. Katika karne ya 19 watawala wa Kikilindi walihitaji watu wenye kusoma na kuandika ili kupelekeana barua na pwani na Unguja, na waliowapata walikuwa Waislamu. Abdallah bin Hemedi, yule aliyetuachia Habari za Wakilindi, alikuwa katibu wa Semboja kule Mazinde, chini ya milima hii. Watu wenye elimu hiyo walikuwa wachache, na kila mwenye nguvu aliwataka wamwandikie: mikataba, madai, barua za amani na barua za vita. Swali la "nimwandikie nani, na niandike nini" liliwakabili wao kabla ya kuwakabili vijana wetu. Ndiyo maana tumemwita kijana huyu katibu wa zama hizi. Hati za madeni, za mauzo, za ardhi, za matibabu na za mishahara leo ziko ndani ya programu, na anayeziandika programu hizo ndiye aliyekikalia kiti cha katibu.

NJIA YENYEWE

Wazazi wengi wanadhani kwamba shahada ni mlango, ukiufungua unaingia kazini. Katika fani hii shahada inafanana zaidi na cheti cha kliniki cha mtoto: kinathibitisha kuwa amezaliwa mzima. Chuoni mwanafunzi hufundishwa misingi, yaani hisabati, lugha mbili tatu za kuandikia programu, namna ya kupanga kanzidata na namna kompyuta zinavyozungumza. Asichofundishwa ni kuisoma programu kubwa iliyoandikwa na watu wengine miaka kumi iliyopita, yenye mistari laki kadhaa, na kurekebisha mstari mmoja bila kuibomoa iliyobaki. Hilo hujifunzwa kazini chini ya aliyetangulia, kama seremala anavyojifunza kwa seremala. Mhitimu kwa kawaida huanza kama mjaribu wa mifumo, kazi yake kutafuta makosa ya wenzake. Au hukaa dawati la msaada, akipokea simu za mhasibu aliyesahau neno lake la siri. Baadaye hupewa sehemu ndogo aiandike, kisha kubwa zaidi. Miaka mitatu, minne, mitano hupita kabla hajaaminiwa mfumo mzima. Nabii Musa (a.s.) alichunga mifugo ya mkwewe kule Madyan kwa mkataba wa miaka minane, na ya tisa na kumi ikawa hiari yake. Mzazi anayemwuliza mwanawe baada ya miezi sita kwa nini hajajenga, hajui anachokiuliza.

Nchi yetu yenyewe haina muda mrefu katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza iliingia Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini, katazo lililolegezwa baada ya miaka mingi. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulitua Dar es Salaam mwaka 2009; kabla ya hapo intaneti ilipita kwa setilaiti, ghali na ya kusinzia. Hata hivyo vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwishafanya kazi ya kujivunia kabla ya mkongo huo: mwaka 2004, wakishirikiana na Wasweden, walitoa programu za ofisini zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, wakaziita Jambo OpenOffice. Waliowahi kuzitumia si wengi, na ni hasara.

Ajira ziko wapi? Ziko serikalini kwanza. Namba ile ya malipo mnayopewa mkitaka kulipia kiwanja au leseni hutoka katika mfumo wa malipo ya Serikali ulioanza mwaka 2017. Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoanza kama wakala mwaka 2012, inasimamia mifumo ya wizara na taasisi, na TAMISEMI ina waandishi wake walioutengeneza mfumo wa hospitali wa GoT-HoMIS. Takwimu za zahanati zetu, watoto wangapi wamechanjwa, mama wangapi wamejifungulia kituoni, huingizwa katika programu iitwayo DHIS2, ambayo huratibiwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo, huendelezwa pia na wataalamu wa Dar es Salaam, na hutumiwa na nchi zaidi ya 70. Programu hiyo ni ya wazi: yeyote anaruhusiwa kuisoma ilivyoandikwa, kuijaribu na kuirekebisha. Kijana aliyekaa Lukozi bila kazi anaweza kuifungua leo na kuanza kujifunza kwa waandishi bora, bila ya kumwomba mtu barua ya utambulisho. Tunalisema hili kwa msisitizo, kwani tumeona waajiri wengi wakiuliza kwanza: umeandika nini tukione? Cheti huulizwa baadaye.

Zipo pia kampuni za simu, mabenki, kampuni ndogo zinazotengeneza mifumo ya maduka na shule, na mashirika ya afya. Wengine huajiriwa na kampuni za ng'ambo wakiwa wamekaa hapa hapa nchini. Juu ya hizo za ng'ambo tuwe na akili. Kampuni ya Andela ilianza mwaka 2014 kwa ahadi ya kuwachukua vijana wa Afrika wenye vipaji, kuwafundisha na kuwapangisha kwa makampuni ya Marekani. Septemba 2019 iliwaachisha kazi mamia ya vijana wa Nigeria, Uganda na Kenya, ikieleza kwamba wateja wanataka waandishi wazoefu na si wachanga. Na tangu mwishoni mwa 2022 zimekuja programu za akili unde zinazoandika kwa dakika zile kazi ndogo ambazo zamani alipewa mgeni ajifunzie. Ngazi ya chini kabisa ya fani hii imepunguzwa vipago. Kijana atakayebaki kuwa mwandishi wa kunakili atakuta mashine imemtangulia. Atakayeelewa kwa nini programu inaandikwa, nani ataitumia, na wapi inaweza kumdhulumu mtu, huyo bado anatakiwa, pengine kuliko zamani.

Deni nalo lipo. Aliyesoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka amalize. Ile nyongeza ya asilimia 6 kwa mwaka, ambayo Waislamu wengi tuliilalamikia kwa kuwa tuliihesabu ni riba, ilifutwa mwaka 2021, walhamdulillah. Lakini rasilimali yenyewe inadaiwa, na dhima ya deni haiondoki kwa kuzima simu.

PALE NJIA INAPOGAWANYIKA

Sasa tuje kwenye lililotuleta. Fikirini ni nani hapa nchini ambaye hana uchovu wa kumtafuta kijana huyu, humlipa kwa wakati, humpa mashine mpya na chumba chenye kiyoyozi. Miongoni mwao ni kampuni za kubashiri michezo, na wenye programu za mikopo ya simu.

Kamari ya siku hizi haihitaji meza. Neno mkeka, ambalo mama zetu walilitumia kwa kitu cha ukindu cha kuswalia, kijana wa leo akilisikia hufikiria orodha ya timu alizozibashiria. Nyuma ya kila mkeka wa aina hiyo pana mwandishi aliyekokotoa viwango, aliyepanga ujumbe wa kumwita tena aliyeshindwa jana, aliyehakikisha kuwa kuweka fedha ni rahisi kuliko kuzitoa. Hii ni kazi ya programu, tena ya kiwango cha juu.

Ama mikopo ya simu, wengi wenu mnaijua kwa maumivu. Programu ile, ukiiweka katika simu yako, huomba ruhusa ya kuyasoma majina yote uliyoyahifadhi. Unakopa kidogo, unakatwa kabla ya kupokea, na ukichelewa, mkweo, mwalimu wa mwanao na imamu wako wanapata ujumbe kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za namna hiyo zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hairuhusu kuzichukua na kuzisambaza habari za watu kiholela. Sisi tunasema: kabla ya sheria hiyo, heshima ya Muislamu ilikwishaharamishwa kuvunjwa. Mwandishi wa programu hiyo amekusanya mawili kwa mkono mmoja, riba na kufedhehesha.

Tumhadithie kijana mmoja wa wilaya hii, jina lake tunalisitiri. Alimaliza chuo, akakaa nyumbani miaka miwili. Katika miaka hiyo msikiti wa kijijini kwao ulimwomba atengeneze orodha ya wanafunzi wa madrasa katika kompyuta, akaitengeneza. Ukamwomba aandae hesabu za michango ya ujenzi wa choo na tangi la maji, akaziandaa. Kila mara alilipwa kwa dua, na akaambiwa kuwa ni kazi ya fisabilillah. Kisha akaitwa na kampuni moja ya kubashiri ya Dar es Salaam, kwa mshahara ambao baba yake hakuwahi kuushika kwa msimu mzima wa karoti. Kwa kuwa ni kijana mwenye khofu ya Mola wake, alikwenda kuwauliza wazee. Wakamjibu kwa neno moja: haramu. Jibu lilikuwa sahihi, na hatuna la kulipunguza. Kisha wakainuka wakaenda kula. Hakuna aliyemwuliza: basi kesho utakula nini, na sisi tutakusaidiaje?

Aliikataa kazi ile. Leo yuko Mbagala kwa mjomba wake, anajaribu mifumo ya hospitali kwa posho inayomalizwa na nauli. Wenzake wawili walioitwa na kampuni hiyo hiyo hawakuikataa, na wanapokuja likizo ndio wanaokaribishwa mbele na kuombwa wachangie mazulia.

Ndugu zetu, hapo ndipo penye uzito wa mada hii. Fatwa ya kukataza ni nusu ya kazi. Mtume (s.a.w.) alipoletewa mtu aliyekuwa akiomba, hakuishia kumkataza, vitu viwili vya nyumbani mwake vilinadiwa, kikanunuliwa chuma cha shoka, na Mtume mwenyewe akakitia mpini akamwambia akakate kuni. Ni wapi shoka tulilomtilia mpini kijana wetu?

Tufafanue pia, ili tusiwe wakali mahali pasipostahiki. Si kila kazi iliyo karibu na benki ni sawa. Anayeandika sehemu inayokokotoa riba ana hukumu iliyo wazi. Anayetengeneza mfumo wa mishahara wa kampuni ya simu, ambayo pamoja na huduma zake nyingi za halali ina pia huduma ya mkopo wenye riba, hilo wanazuoni wamelijadili kwa tofauti, na kijana amwendee mwenye elimu amweleze kazi yake kwa undani badala ya kupokea jibu la barazani. Na upo mlango ambao vijana wengi hawauoni. Tangu Benki ya Amana ilipofunguliwa mwaka 2011, na mabenki mengine yakafungua madirisha ya Kiislamu, inahitajika mifumo isiyojengwa juu ya riba. Mfumo wa kawaida wa benki huongeza deni kadiri siku zinavyopita. Katika murabaha bei ya bidhaa imekwishafungwa siku ya mauziano, na kuchelewa hakuizalishi. Mwandishi asiyejua fiqhi ya muamalat ataulazimisha mfumo wa zamani ujifanye mpya kwa kubadilisha majina. Anayejua fani zote mbili ni adimu, na cha adimu hutafutwa.

KAZI ILIYO MLANGONI KWETU

Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu chake cha al-jabr Baghdad, yapata mwaka 820, zama za Khalifa al-Ma'mun. Jina lake ndilo lililozaa neno algoriti, yaani hatua zinazofuatwa kufikia jawabu, ambazo ndizo roho ya kila programu. Mara nyingi tunalitaja jina hili kwa kujifakharisha, kisha tunanyamaza. Tulitaje kwa sababu nyingine: sehemu kubwa ya kitabu hicho ni hesabu za wasia na mirathi. Mwanachuoni yule alikaa akatazama nini kinawasumbua Waislamu wa mji wake, akaona wanagombana juu ya mafungu ya urithi, akaandika.

Na sisi hapa tunagombana juu ya nini? Shamba la marehemu lenye matuta kumi na mbili, wajane wawili, watoto tisa, mmoja yuko Kariakoo na hajulikani simu yake. Zaka inayokusanywa kwa daftari lililoloa mvua, ambayo hakuna anayejua mwaka jana ilimfikia nani. Vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopeshana, ambavyo vingi vimeingiza riba bila kujua kwa sababu tu walinakili kanuni za kikundi jirani. Na mkubwa wa yote, lumbesa. Mkulima wa Malindi anajaza gunia la viazi mpaka linaota kichwa, linashonewa kilemba juu, halafu linalipwa bei ya gunia moja. Dalali anajua bei ya Kariakoo ya asubuhi hiyo, mkulima haijui. Wakala wa Vipimo umekataza lumbesa kwa muda mrefu, na Qur'an ina Sura nzima, ya 83, iliyopewa jina la wapunjao. Programu ndogo ya kuandika uzito wa kila gunia kwa kilo, pamoja na ujumbe wa simu unaomfikishia mkulima bei ya soko kila alfajiri, si muujiza. Kijana aliyemaliza mwaka wa tatu wa chuo anaiweza, akipewa muda, mizani, na mkataba.

Neno mkataba tunalirudia kwa makusudi. Tumezoea kuwaambia vijana hawa kwamba kazi ya msikiti haina malipo. Fundi aliyejenga mihrabu hii alilipwa. Dereva aliyepandisha saruji kutoka Mombo alilipwa, tena kabla hajashusha. Kwa nini aliyejenga kwa kalamu asilipwe? Musa (a.s.) alipoajiriwa, ujira na muda vilitajwa waziwazi kabla hajaanza, na Mtume wetu (s.a.w.) alihimiza mwajiriwa alipwe kabla jasho lake halijakauka. Jasho la mwandishi wa programu halionekani, wala si hoja ya kumnyima. Na lile katazo la kumdhuru katibu, tuliosoma tafsiri tunajua kuwa miongoni mwa maana zake ni kumkalifisha na kumtoa katika shughuli zake za riziki. Fedha zipo. Tunazitumia kuchinja siku ya arobaini, jambo ambalo Mtume hakutufundisha, na ng'ombe mmoja wa arobaini angemweka kijana kazini kwa miezi kadhaa. Mnalijua hili, na tunawaomba msikasirike.

Neno kwa upande wa pazia. Fani hii ni miongoni mwa chache ambazo binti anaweza kuifanya akiwa nyumbani kwake, kwa staha, na ujira wake ukamfikia kamili. Tunawaomba baba zake wasimkate katika Hisabati ya Kidato cha Tatu kwa kisingizio kwamba ataolewa. Hisabati ndilo somo linalowaangusha watahiniwa wengi zaidi wa Kidato cha Nne nchini, na hapo ndipo mlango wa kompyuta hufungika, kwa wavulana na kwa wasichana. Msikiti wenye madrasa ya jioni unaweza kuongeza saa moja ya Hisabati baada ya Qur'an bila ya kujenga hata ukuta mmoja mpya.

Na nyinyi vijana wa karibu na mlango. Msingoje mpaka tuwe wema ndipo muanze. Jifunzeni Kiingereza cha kazini, kwani vitabu vya fani yenu vimeandikwa kwa lugha hiyo. Andikeni kila siku, hata umeme ukikatika andikeni kwa karatasi. Kazi zenu ziwekeni wazi zionekane. Anayekuajiri mwulizeni, kabla ya mshahara, programu hii inamfanyia nini mtu wa mwisho atakayeigusa. Mkikubaliana, andikianeni.

Tunamalizia kwa tangazo, kwa idhini ya kamati ya msikiti. Daftari la zaka na orodha ya mayatima wa kata hii vinataka kuwekwa katika mfumo wa kompyuta, wenye kufungwa kwa siri ili majina ya wanaopokea yasisomwe na kila mtu. Kazi ni ya miezi minne. Ujira wake umekwishatengwa, nusu italipwa mwanzo na nusu mwisho. Mkataba una nakala mbili na nafasi ya mashahidi wawili. Mwenye uwezo, mvulana au msichana, amwone katibu baada ya Swala ya Ijumaa, aje na kitu chochote alichokwisha kukiandika.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.